Goti la Kushoto

Mwalimu Duan Zhaolin hakuwa mtu mpole.
Tuliomzika tunalijua hilo, na tuliseme
kabla wengine hawajaanza kumpaka asali.
Alidanganya kwenye karata. Alimdai muuza kabichi
senti tatu kwa miaka kumi na mmoja.
Na goti lake la kushoto liliijua mvua
siku mbili kabla ya redio ya Baoding.

Ujana wake ulipita kiwandani,
akipuliza vioo vya chupa za chai,
vyembamba kama ngozi ya ndani ya yai.
Huko, alisema, ndiko alikojifunza pumzi:
ukipuliza kwa hasira, chupa inapasuka;
ukipuliza kwa woga, haijai.
Mengine alifundishwa na mjomba wa mkewe,
mtengeneza tofu, usiku tu,
maana mchana mjomba alikuwa na punda wa kumtazama.

Kisha ikaja miaka ile
mtu aliposhtakiwa kwa namna alivyosimama.
Walimvika kofia ya karatasi, ndefu kama dohani,
wakampigisha magoti juu ya vigae vilivyovunjika
kutwa nzima.
Goti la kulia lilisamehe.
La kushoto, kamwe.

Usiku akajifungia stoo ya makaa,
miguu kaivika matambara jirani wasisikie,
akaipitia miondoko yote mia moja na minane
gizani, taratibu,
taratibu kuliko jivu linavyopoa.
Mkewe, Yuqin, alikaa mlangoni akichambua maharage
aliyokwisha kuyachambua.
Wakija watu, akohoe.
Alikohoa mara mbili katika miaka saba.
Mara ya tatu kilikuwa kifua kikuu.

Hapo pana kipindi ambacho hakukisimulia.
Nami nakipita alivyokuwa akikipita:
kwa kuinua kikombe.

Mimi nilimkuta keshazeeka, bustanini,
kando ya mto uliobadilika rangi
kila kiwanda cha vitambaa kilipobadili rangi.
Nilikuwa fundi kufuli, nataka kujua kupigana.
Akaniambia: simama.
Akaenda kununua maandazi ya mvuke, manne,
akarudi, akayala yote mbele yangu.
“Bega lako la kulia linamngoja adui,” akasema.
“Liambie leo haji.”

Miezi mitano ya kusimama. Ndipo akanipa mikono
nimsukume.
Nimefungua milango ya wajane, ya benki,
ya walevi waliomeza funguo;
sijakuta mlango kama kifua kile.
Unauegemea, kumbe uko wazi tangu jana,
na wewe uko chini, mdomoni una majani.

Mwenda pole hajikwai, watu husema.
Alijikwaa. Kiharusi, asubuhi ya theluji,
upande wote wa kulia ukazimika kama taa ya ngazini.
Likabaki goti lile lile, lenye kinyongo,
kumsimamisha mtu mzima.
Na lilimsimamisha. Dakika nne. Sita.
Akatufundisha kwa mkono mmoja,
kwa nyusi, kwa matusi ya nusu mdomo.

Aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu
kila alfajiri, bila malipo,
alikuwa mzee Kou, dereva mstaafu wa trekta.
Siku ya mazishi alinivuta nyuma ya mashada.
“Vile vigae,” akasema, “mimi ndiye niliyevichagua.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilichagua vyenye ncha.”

Nikauliza kama Mwalimu alijua.

Akatoa mfukoni pakiti ya karata,
akaziinua juani moja moja.
Kila moja ilikuwa na alama ya ukucha pembeni,
alama wazi, hata kipofu angeipapasa.
“Miaka ishirini na miwili, kila Jumapili,
amenila pesa kwa karata hizi,” akasema.
“Nami nililipa.
Mwezi uliopita akaniambia imetosha,
sasa tucheze kwa haki.
Akafungwa vibaya sana.”